Vikombe Vitatu Dhidi ya Gari Moja

Kijiwe chetu kiko kati ya banda la kinyozi na duka la vifaa vya ujenzi, pale lami inapoishia na mtaro unapoanzia. Kina benchi moja la mbao, upande wa kushoto limekalia matofali, kwa sababu mguu wa upande huo ulivunjika siku tulipobishana kama samaki hulala. Mbele ya benchi kuna jiko langu la mkaa, juu ya jiko kuna birika, na nyuma ya birika nipo mimi, muuza kahawa, ninayeitwa Shangazi hata na watu waliozaliwa kabla yangu. Miaka kumi na sita nimewamiminia watu hawa na kuwasikiliza, na katika kazi hizo mbili kumimina ndiko kwepesi. Kijiwe kina sheria moja tu: mtu hanunui kitu kikubwa, haoi, wala hahami nyumba mpaka alilete jambo lake hapa lijadiliwe. Likishajadiliwa, kila mmoja anapiga kura kwa kikombe chake. Kikombe kikikaa wima ni ndiyo, kikifudikizwa ni hapana.

Sheria hiyo ndiyo iliyomnyima Kocha friji, na ndiyo iliyomnyima Utingo mchumba. Siku ya friji hata mimi nilifudikiza kikombe changu, nikijiona nina busara. Kwa hiyo Jumamosi ile, zamu yangu ilipofika, sikuona njia ya kukwepa.

— Nataka kununua gari, nilisema huku nikipepea makaa.

 Wa kwanza kuuliza alikuwa Utingo, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye malori, akifunga maturubai na kuweka mawe nyuma ya tairi, na usukani hajaugusa hata siku moja.

— Gari la nini, Shangazi?

— La kwenda.

— Kwenda wapi, na kijiwe kiko hapa?

Nikawaeleza. Kule kilimani kwenye hospitali kubwa, wauguzi wa zamu ya usiku hutoka alfajiri wamechoka hoi, na getini hakuna hata mtu wa kuwauzia maji ya moto. Matroni amenipa nafasi pembeni ya kibanda cha mlinzi kuanzia Jumatatu. Anataka kahawa ya watu themanini. Nisipotokea Jumatatu nafasi inakwenda kwa mwingine, na hao wengine wapo, wameshapanga foleni. Basi la abiria halipakii jiko, na mabega yangu hayawezi kupandisha mlima ule birika tatu na chupa kumi na mbili za chai. Nimepata kigari cha mizigo, kidogo, chenye mlango wa kusukuma pembeni. Mwenyewe ni mama mmoja muuza maua. Biashara yake imepanuka, amechukua kikubwa zaidi. Saa nne atakileta hapa hapa, achukue jibu langu.

— Saa nne ya leo?

— Ya leo.

— Sasa ni saa mbili na nusu, alisema Mzee Risiti. Muda unatosha, ila mambo haya yana taratibu zake.

Mzee Risiti ni karani wa stoo aliyestaafu. Anatunza risiti ya kila kitu alichowahi kununua tangu aanze kunyoa ndevu. Baiskeli yake ina risiti kumi na mbili na haina cheni. Akisema taratibu, ujue mchana utawakuta hapo hapo. Nikamimina raundi ya kwanza.

— Gari, alianza Utingo, halinunuliwi kwa macho. Linanunuliwa kwa mgongo. Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe huinami tu, unalala kabisa, chali, chini ya gari, saa nzima, unasubiri.

— Unasubiri nini? niliuliza.

— Lidondoshe. Gari zima halidondoshi kitu. Likidondosha oili tone moja, unahesabu. La pili, unahesabu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na likidondosha maji? alidakia Kocha kutoka mlangoni kwake, mashine ya kunyolea mkononi. Kocha ndiye kinyozi wa hapo nyuma ya benchi. Hajawahi kufundisha timu yoyote, lakini hakuna mtu aliyekaa kwenye kiti chake akatoka bila kuelekezwa namna ya kuishi.

— Likidondosha maji unasogea, yasikuingie machoni. Lakini kuangalia hakutoshi. Oili inaonjwa.

— Inaonjwa?

— Kwa ncha ya ulimi. Ikiwa chungu, injini imechoka. Ikiwa tamu, maji ya rejeta yameingia mle ndani. Ikiwa haina ladha kabisa, muuzaji kaibadilisha jana ili akupumbaze. Hapo kimbia.

— Kwa hiyo oili nzuri ina ladha gani?

Utingo alipiga funda moja, akaisikilizia kahawa yangu muda mrefu.

— Ya katikati.

Mzee Risiti alikuwa anamsubiri amalize, kwa subira ya mtu aliyezoea kusubiriwa dirishani.

— Hayo ni mambo ya gereji. Mimi sitazami gari. Namtazama mwenye gari, miguuni. Kisigino cha kiatu cha kulia kikiwa kimelika, huyo ni mtu wa kukanyaga breki, na breki zake zimekwisha. Soli ya mbele ikiwa imelika, huyo ni mtu wa mafuta, na injini yake imekwisha.

— Na kama viatu ni vipya?

— Vipya? Huyo anaficha. Mficha uchi hazai.

— Muuza maua huvaa ndala, nilimwambia.

Mzee Risiti alitikisa kichwa kwa masikitiko.

— Ndala. Basi gari hilo halina kumbukumbu. Na karatasi je? Kadi ya gari umeiona?

— Nimeiona.

— Ya aliyemuuzia yeye?

— Alilinunua jipya, Mzee. Yeye ndiye wa kwanza.

— Na kitambulisho cha baba yake?

— Baba yake anaingiaje?

— Usiniulize mimi. Siku mambo yakiharibika, hilo ndilo swali utakaloulizwa.

Kocha alikuwa amemwacha mteja wake kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Alikuja akasimama mbele ya jiko, miguu imetanuka, kama anapanga beki wanne.

— Nyote mnacheza kujilinda, alisema. Shangazi, gari hilo lina rangi gani?

— Bluu.

— Iliyokolea au iliyofifia?

— Ya kawaida.

— Hapo pana tatizo. Rangi iliyokolea inavuta jua. Bati likichemka, tangi linachemka. Tangi likichemka, petroli inapanda juu kama mvuke, inatoka kwenye kifuniko, inakwenda zake. Unajaza asubuhi, jioni umeendesha mawingu. Ndiyo maana matajiri hununua magari meupe.

— Matajiri wanayo meusi, nilisema. Kila siku yanapita hapa.

— Kwa sababu hawahesabu mafuta.

Ukikaa na watu hawa utaona hoja zao hazishindwi, zinahama tu. Nikamimina raundi ya pili. Birika lilikuwa limeanza kuwa jepesi, nami sikuongeza maji. Nilikuwa na sababu yangu.

— Na kulijaribu? aliuliza Mzee Risiti. Hulijaribu kwanza barabarani?

— Hapana, hapana, alisema Kocha. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ukilijaribu sana unalimaliza kabla hujalinunua. Na ukiwa ndani usilisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Unasema gari zuri, kesho yake mwenye gari ameshatia maji kwenye oili.

— Ndiyo ile oili tamu, alisema Utingo kwa furaha, maana nadharia yake ilikuwa imepata ndugu.

— La muhimu ni kulala humo, alisema Mzee Risiti. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mtu analala kwenye gari siku saba. Siku ya kwanza gari linakuonea haya. Ya pili, ya tatu, linaanza kukuzoea. Siku ya saba linakoroma. Ukisikia linavyokoroma, umelijua.

— Limezimwa linakoroma vipi, Mzee?

— Ndiyo maana nasema siku saba.

— Jumatatu ni keshokutwa, nilimkumbusha.

— Basi mwombe matroni akusogezee.

Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayeomba kuongezewa sukari. Nami hapo ndipo nilianza kusikiliza kwa sikio jingine. Mmoja alitaka saa nzima, mwingine alitaka kitambulisho cha baba mtu, kisha siku saba. Hakuna njia hata moja kati ya zao ambayo mwisho wake ulikuwa mtu amekaa kwenye gari.

— Nyote bado mko nusu ya kwanza, alisema Kocha. Sikilizeni mbinu. Mtu hapeleki rafiki kununua gari. Rafiki anaona haya, atakwambia lolote zuri ili msikosane. Mpeleke adui yako.

— Adui?

— Adui wa kweli. Yule asiyependa uende popote. Mwonyeshe gari, umuulize, ninunue? Akisema nunua, kimbia, hilo ni bovu. Akisema usinunue, akakuwekea sababu ishirini, toa pesa hapo hapo. Gari analokukataza adui ndilo zima.

Benchi likakubali kwa pamoja kwamba siku hiyo Kocha amefika mbali. Mteja wake alichungulia mlangoni, nusu ya kichwa inang'aa, akaambiwa asubiri dakika mbili.

Wakati huo ndipo alipotokea mgeni. Alikuwa fundi bomba, buti zina tope hadi kwenye kamba, spana ndefu begani. Asubuhi yote alikuwa akifukua bomba lililopasuka upande wa pili wa barabara. Alisalimia, akaomba kikombe, akakaa pembeni kabisa, upande wa matofali, maana wenyeji hawaupendi. Nilimmiminia, na birika likaguna kidogo chini.

— Sasa tupige kura, alisema Mzee Risiti. Inakaribia saa nne.

— Kabla ya kura, nilisema, mtu aniambie neno moja. Mnaona nisinunue kwa sababu gari ni baya?

Walitazamana. Jibu lilitoka kwa Kocha, na hakulisema kwa ubaya; hilo ndilo lililonichoma zaidi.

— Shangazi, wewe ni mtu wa birika. Kila mtu na kifaa chake. Usukani na wewe wapi na wapi? Na nani atakuendesha?

Iliniuma. Nimewahi kuambiwa makubwa zaidi na watu wasionijua, yakapita. Huyu nilimkopesha makaa alipoanza, yeye na ndoo yake ya kuchemshia maji ya taulo. Niliweka kipepeo cha makaa chini.

— Pigeni kura, nilisema.

Mzee Risiti alikunywa yaliyobaki, akakipangusa kikombe kwa leso, akakifudikiza polepole. Kocha alikifudikiza chake kwa mkono mmoja bila kukitazama. Utingo alikizungusha mara mbili tatu, akatazama upande wa duka la vifaa vya ujenzi, kisha naye akakifudikiza. Vikombe vitatu vikapangana kwenye benchi makalio juu. Mimi nilijimiminia changu, kikajaa robo tatu, nikakiweka wima juu ya kopo la sukari.

— Vitatu kwa kimoja, alisema Mzee Risiti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Shangazi.

— Guu langu limeanza kuvunjika siku nyingi, Mzee, kwa kutembea. Sasa mmemaliza, na mimi nina machache.

Nikatoa kadi kutoka mfuko wa aproni, nikaiweka juu ya benchi katikati ya vikombe vyao. Ilikuwa leseni ya udereva, yenye picha yangu nimekunja uso.

— Hii umeipata lini? Utingo alikuwa wa kwanza kuishika.

— Miezi minne ile niliyosema nakwenda kliniki ya magoti kila alasiri, nilikuwa shule ya udereva. Magoti yangu ni mazima. Wewe Utingo siku moja ulipita karibu yangu kwenye mzunguko, ukatukana gari la wanafunzi kwamba linachelewesha watu. Nilikuwa nimeshika usukani.

Utingo aliirudisha leseni kwa mikono miwili.

— Na gari hili ni la tatu kulitazama. La kwanza nililikataa. Nilikwenda kwa mwenyewe alfajiri, saa tuliyoahidiana, nikaweka kiganja kwenye boneti, nikalikuta la moto. Alilipasha kabla sijafika kwa sababu likiwa baridi haliwaki. La pili nilikwenda kulitazama siku ya mvua. Watu wanakwenda kutazama gari siku ya jua, wanaona rangi. Mimi nilifungua mlango nikakuta zulia linaelea.

Niliirudisha leseni mfukoni mwa aproni, nikaendelea. 

— Hili la muuza maua nimelikuta baridi, likawaka. Nimelitazama kwenye mvua, likabaki kavu. Nikatafuta fundi gari wa mtaa wa mbali, asiyemjua yeye wala mimi, nikamlipa kabla hajafungua boneti, nikamwambia ujira wako ni huo huo ukisema ndiyo au ukisema hapana. Akakagua nusu siku. Akaniambia tairi za nyuma zina miezi sita ya maisha na kioo cha kushoto hakishuki. Hayo mawili nikayarudisha kwa muuza maua, akapunguza bei, hakubisha. Nikaipeleka mwenyewe namba ya gari hadi ofisi ya usajili, nikasimama foleni, nikathibitisha ni lake na halidaiwi na mtu. Sikuuliza habari za baba yake, Mzee, unisamehe.

— Na barabarani? Mzee Risiti aliuliza kwa sauti ndogo.

— Nilipakia birika tatu na chupa kumi na mbili, zote zimejaa, maana gari tupu hupanda mlima wowote. Nikaweka kikombe cha kahawa kwenye dashibodi, robo tatu. Nikapanda nalo mpaka getini hospitali na kushuka. Kila nilipofunga breki kahawa ilisogea mbele, haikusogea pembeni. Gari likivuta upande, kikombe kitakwambia. Hiyo sikufundishwa na mtu. Ni miaka kumi na sita ya kubeba vikombe.

Kocha alijikuna shingo kwa mashine ya kunyolea iliyozimwa.

— Sasa kama ulishajua yote, ulituuliza ya nini?

— Kwa sababu ya sheria. Na kwa sababu nilitaka kuwasikia. Nimewasikia. Mmenipa sababu ishirini za kutonunua. Mbinu yako inasemaje, mwanangu? Gari analokukataza nani ndilo zima?

 

— Sisi si maadui zako, Shangazi, alisema Kocha, na sauti yake ilikuwa imepungua. Tunakutakia mema. Wote hapa tunakutakia mema.

Fundi bomba alikuwa amekikumbatia kikombe chake kwa viganja viwili vyenye tope. Alitutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta maji yanapotokea.

— Samahani, mimi mgeni, alisema. Nilitaka kuelewa tu. Huyu mama akinunua gari akaenda huko hospitali, nyie kahawa mtakunywa wapi?

Mzee Risiti akaingiza mkono mfukoni, akapekua, kana kwamba jibu alilihifadhi mahali na risiti yake ipo. Kocha akakumbuka mteja wake, akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, akasimama. Utingo aliinamisha macho kwenye kikombe alichokifudikiza.  Nilitaka kuwahurumia, kwa sababu nawapenda, Mungu anajua. Lakini nilikumbuka nusu saa ya mafundisho juu ya ladha ya oili, nikawaacha na swali lao.

Mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi alitoka mke wa mwenye duka, akapanga makopo ya rangi juu ya kizingiti. Akapunga mkono.

— Hamjambo kijiwe?

— Hatujambo, dada, tulijibu wote isipokuwa Utingo, ambaye kila siku hujibu baada ya wengine, akiwa ameshaangalia chini. Dada huyo ndiye yule mchumba. Miaka tisa iliyopita benchi lilitoa hoja kwamba mwanamke anayecheka kwa sauti ni mharibifu wa mali, vikombe vikafudikizwa, na Utingo akatii. Naye anacheka kwa sauti mpaka leo, na duka limepanuliwa mara mbili.

Utingo aliunyoosha mkono, akakigeuza kikombe chake. Kikakaa wima.

— Mimi nimewahi kulisikiliza benchi hili, alisema. Basi.



Saa nne na dakika chache kigari cha bluu kiliingia, kikasimama kando ya mtaro. Muuza maua alishuka na ndala zake, Mzee Risiti akazitazama kwa mazoea kisha akajilazimisha kutazama kwingine. Mlango wa pembeni ulisukumwa, ikatoka harufu ya majani mabichi.

— Umeamuaje, dada yangu? aliniuliza.

— Nalichukua.

Tulimalizana palepale, juu ya boneti, karatasi kwa karatasi, na shahidi tukamweka fundi bomba, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakuwa na maoni. Tulipoinua vichwa, Utingo hatukumwona. Tuliona miguu yake tu. Alikuwa amelala chali mvunguni mwa gari langu, shati lake safi la Jumamosi kwenye vumbi. Alikaa huko muda, akigonga hapa, akisukuma pale. Alipotoka alikuwa na mstari mweusi wa grisi kwenye paji la uso.

— Mvunguni pakavu, alisema. Chasisi imenyooka. Ni gari, Shangazi.

— Hukuonja?

— Sikuonja.

Kisha akaanza kupakia. Aliyazima makaa kwa majivu, akalifunga jiko kwa waya nyuma ya kiti ili lisiyumbe, akalaza chupa zile kumi na mbili, zilizokuwa zimepangwa chini ya benchi, na kuzikaza kwa kamba, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kuna kazi ambayo mtu huyu anaijua kikamilifu. Nilimuuliza Jumatatu alfajiri anafanya nini. Akasema hafanyi kitu. Nikamwambia sasa anafanya.

Mzee Risiti alikuja taratibu, kikombe mkononi, na kikombe kilikuwa kimegeuzwa, kiko wima. Nyuma yake Kocha naye, chake kiko wima.

— Tumefikiri upya, alisema Mzee Risiti. Kura inaweza kurudiwa, kwa utaratibu. Tumiminie kimoja, tuijadili.

Nililishika birika, nikaliinamisha mbele yao mpaka kifuniko kikaning'inia kwenye kamba yake. Halikutoa hata tone.

— Imekwisha.

— Unaweka maji mengine.

— Jiko limeshapakiwa, Mzee.

Fundi bomba alimeza funda lake la mwisho, akanirudishia kikombe, akanilipa, akabeba spana yake. Nilipanda kwenye kiti cha dereva. Kikombe changu, kile nilichopigia kura yangu, nilikiweka kwenye dashibodi, kahawa yake imeshapoa. Kocha aliegemea dirisha la kulia, lile linaloshuka.

— Na Jumatatu, Shangazi? Sisi tunafanyaje?

— Jumatatu nipo getini hospitali, kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

— Kule mlimani? Kule ni mbali. Tutafikaje?

— Kwa miguu, mwanangu. Mimi nimebeba birika kwa miguu miaka kumi na sita. Nyie mtakuja mikono mitupu.

Niliingiza gia. Kwenye kioo niliwaona wamesimama mbele ya benchi, kila mmoja na kikombe chake wima, na mteja wa Kocha amejiunga nao na nusu ya nywele zake. Pale kwenye kona ya mtaro nilifunga breki kumpisha mama na mtoto. Kahawa kwenye dashibodi ikasogea mbele, ikarudi, ikatulia. Haikumwagika. Nikakunja kulia, nikapandisha mlima.